Samaki Aliyeitwa Mlafi

Tulipomzika Ouma kwao karibu na ziwa, binti yake Akinyi alisimama mbele ya hema akasoma wasifu wa baba yake. Alipofika katikati aliikunja karatasi, akasimulia kisa cha Mlafi bila kusoma. Mlafi alikuwa samaki jike, mdogo kuliko kiganja, aliyezaa watoto wengi akawala wote isipokuwa tisa. Akinyi aliiga sauti ya baba yake akimkaripia samaki kupitia kioo: "Wewe ni mama wa aina gani? Hata paka hubeba watoto kwa meno na hamezi!" Waombolezaji walicheka jinsi watu wanavyocheka matangani, kama walioruhusiwa kupumua. Mimi nilikuwa safu ya pili, kwenye viti vya marafiki, na nilicheka kwa sauti kama wengine. Kicheko hicho kilirudi nami Nairobi. Ndicho kilichonikalisha mezani kuandika kuhusu mwaka mmoja nilioishi Kianda, mtaa wa Kibera, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Habari za wazazi na shule nitaziruka, kwa kuwa hazielezi chochote hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nakata vioo vya madirisha na fremu za picha katika duka moja Kawangware 46, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka chumbani kwangu, na kwamba niliandika kila kitu. Nilikuwa na daftari la vipimo, daftari la maneno mapya, daftari la makosa. Leo natengeneza matangi ya samaki kwa ajili ya hoteli na kliniki, kibanda changu kiko mita mia mbili kutoka duka lile lilipokuwa, na watu hudhani nilisomea kazi hii mahali fulani. Nilisomea katika chumba cha Ouma, futi kumi kwa kumi, chenye pazia la maua lililotenga kitanda na sehemu nyingine ya maisha. Alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Alitengeneza baiskeli na mikokoteni karibu na kituo cha Olympic, na vidole vyake vilinuka gundi ya kuzibia tyubu hata baada ya kuoga.

Tulikuwa tukila pamoja siku nyingi, kwa sababu mtu mmoja kuwasha jiko ni kupoteza mkaa. Ugali, sukuma, na mara mbili kwa wiki mchuzi wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye uwezo, tuliyonunua kwa Mama Rispa aliyekaanga samaki kwenye lango la ploti yetu. Jioni moja Ouma alikuwa akifyonza kichwa cha samaki, akasita, akakitazama kama aliyemkumbuka mtu.

"Fundi," aliniambia, "unajua fulu?"

Sikujua. Akanieleza kwamba ni samaki wadogo wa ziwani ambao mama yake aliwaanika juani na kuwapika kwa maziwa. Alipokuwa mtoto walikuwa wengi hata watu hawakuwahesabu kuwa samaki. Kisha mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa, akawamaliza. Lakini kijijini kwao kulikuwa na kidimbwi kilichotengwa na ziwa kwa mafunjo, mbuta hakuwahi kufika, na fulu wachache walibaki.

"Mama husema fulu wameisha," alisema. "Mimi nataka kuwazalisha hapa Kibera, halafu nimwambie wameisha kwako tu. Wewe unakata kioo. Si unaweza kujenga nyumba ya samaki?"

Nilisema naweza, kwa sababu nilikuwa na umri wa kusema naweza. Tajiri wangu aliniruhusu kuchukua vipande vilivyobaki vya kioo cha milimita sita, na kwa wiki tatu nilivibeba kimoja kimoja, nimevifunga kwenye gunia, kutoka Kawangware hadi Kianda. Vipimo bado ninavyo: urefu sentimita tisini, upana thelathini na tano, kimo arubaini. Nililiunganisha tangi kwa njia niliyoijua, nikafanya kosa ambalo ni fundi wa madirisha pekee angelifanya. Nilitumia pati, ile tunayoshikilia nayo kioo kwenye fremu. Pati huzuia mvua. Haizuii jerikeni sita za maji zinazosukuma kutoka ndani mchana na usiku. Siku ya kwanza maji yalijaa utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua. Siku ya tatu pembe moja iliachia, na maji yakapita chini ya ukuta wa pili hadi chumbani kwa Mama Rispa.

"Nani amekojolea mkaa yangu?" tulisikia upande wa pili.

"Ni nyumba ya samaki, Mama," Ouma alijibu.

"Samaki gani? Mimi ndiyo niko na samaki hapa, na wote wamekufa, hawasumbui mtu!" Kisha alitokea mlangoni mwenyewe, mwanamke mpana mwenye leso iliyorukiwa na mafuta, akanitazama mimi, si Ouma. "Na wewe Mluhya, samaki na wewe ni wapi na wapi? Si ungefuga kuku?"

Tulimlipia mkaa wake kwa mkaa, na nikaanza upya. Nilikwangua pati yote kwa wembe, nikasugua kioo kwa spiriti, nikatumia silikoni, ile inayonuka siki inapokauka. Nilikuwa na kitabu kimoja tu, cha Kiingereza, kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwisho, nilichokipata kwa muuza vitabu vya kando ya barabara. Kilizungumzia samaki wa dhahabu na mabwawa ya bustani, lakini kilisema jambo moja nililolipigia mstari: ngoja hadi harufu ya siki iishe kabisa. Tulingoja siku tisa. Kila asubuhi Ouma aliingiza kichwa tangini, akavuta pumzi, akatoa taarifa: "Bado ni saladi."

Pampu ya hewa ya umeme hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, stima ya ploti ilikuwa ikija na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Hapo ndipo Ouma alinionyesha kwamba yeye alikuwa fundi kuliko mimi. Alileta tyubu ya lori, akailaza sakafuni, akaweka juu yake ubao wa mlango wa zamani na mawe mawili, ili msukumo uwe sawa tangu ikiwa imejaa hadi ikiwa imenywea. Kwenye vali alifunga mrija wa dripu tulionunua kwenye duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kupunguzia maji ya mgonjwa, na sisi tukapunguzia hewa. Mwisho wa mrija tulichomeka kipande cha ufito kutoka kwa wasukaji wa viti vya barabara ya Ngong, kwa sababu ufito ule una vinyweleo kwa ndani na hutoa viputo vyembamba kama povu la soda. Kichujio kilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa sponji la godoro na kokoto zilizochemshwa. Nilipima: mipigo mia tatu ya bomba la baiskeli ilitoa hewa kwa saa saba. Nimetengeneza mitambo mingi tangu hapo, ya bei ambayo Ouma angeicheka, na hakuna hata mmoja ninaouheshimu zaidi ya ile tyubu. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya kimo cha kigoda. Siku moja Mama Rispa aliingia kuazima chumvi, akaikalia, na tangi likachemka ghafla kama sufuria ya maharagwe. Alipiga kelele, akainuka, tangi likatulia. Akakaa tena polepole, akiangalia viputo, akainuka, akakaa. "Kumbe mimi ni stima," alisema, na kuanzia siku hiyo akaacha kututukana.

Ouma alileta fulu watano kutoka nyumbani, ndani ya jerikeni aliyoipakata njia nzima, akiipulizia hewa kwa mrija kila basi lilipofika mji. Mmoja alikufa. Walibaki dume mmoja, wa buluu kama mwali wa gesi na mkia mwekundu, na majike watatu wa rangi ya udongo. Ploti nzima ilikuja kuwaona. Wazee wa upande wa ziwa waliinama wakitamka jina lao kwa sauti ya chini. Vijana waliuliza watapikwa lini. "Watu hapa wananunua maji kwa jerikeni," alisema mmoja, "na hawa wanaogelea. Kweli kuna maisha na maisha."

Mwezi wa saba Ouma alipata habari kwamba mjomba wake amefariki. Alinipa ufunguo akiwa tayari na begi begani. "Nawaacha na wewe, si na mtu mwingine," alisema, "kwa sababu wewe huandika kila kitu." Alisema atarudi baada ya wiki moja. Alikaa karibu tatu, na wakati huo simu haikuwa mfukoni mwa kila mtu.

Siku ya nne niliona kwamba jike mmoja hali. Alijificha nyuma ya mkebe, akitafuna bila kitu cha kutafuna, na chini ya kidevu chake kulikuwa na uvimbe. Niliandika: hali, uvimbe wa koo, anajitenga. Nilitafuta kitabuni. Kitabu kilisema uvimbe ni ugonjwa, na kwamba mgonjwa atengwe na kuogeshwa kwa maji ya chumvi. Nilimwangalia siku nne zaidi, kwa utaratibu, nikichora uvimbe huo kila asubuhi. Lakini kuna jambo nililoliona na sikuliandika, kwa sababu halikuwa kitabuni: jike huyo hakuonekana mgonjwa. Macho yake yalikuwa maangavu na mapezi yamesimama. Hata sasa, kijana anapokuja kibandani kwangu na kitabu mkononi, humuuliza kwanza: umeona nini wewe mwenyewe?

Jumamosi baada ya kazi nilipima chumvi kwa kijiko, nikaikoroga katika karai, nikamnasa kwa chujio la chai. Nilipomwinua nje ya maji alitema. Vitu vidogo vya manjano vilidondoka kwenye karai, vingi, na nilifurahi. Nilidhani ni usaha umetoka. Nilibeba karai mlangoni nikamwage.

"Ebu," alisema Mama Rispa, aliyekuwa akipitisha ndoo. Aliinamia karai. "Wewe kijana. Hao ni watoto."

Nilitazama. Kila punje ya manjano ilikuwa na macho mawili meusi, na mkia uliokuwa ukitikisika.

"Mimi nimepasua samaki miaka ishirini," alisema. "Hawa hubeba watoto kwa mdomo. Ukikata kichwa unawapata hapo, wamejaa. Mama hali mpaka waanze kuogelea. Wewe umemtapisha!"

Niliwahamishia kwenye maji safi, nikawahesabu mara mbili. Walikuwa ishirini na sita. Nilimrudisha mama yao, nikawamwagia watoto mbele yake kwa kijiko, watatu kwanza kwa majaribio, nikitumaini atawarudisha mdomoni; alipita juu yao akaenda kula. Alikuwa na njaa ya siku nne au zaidi. Niliwavuta wale watatu kwa mrija kabla dume hajawaona, nikakaa sakafuni na bakuli mapajani. Nilielewa hali yangu kwa uwazi kabisa. Hawa ndio aliokuwa akiwangoja Ouma. Wangekufa bakulini, kwa sababu mdomoni mwa mama walikuwa wakigeuzwageuzwa na kupitishiwa maji bila kukoma, na mimi nilikuwa nimeuharibu mdomo huo. Kilichobaki ni kuujenga mwingine.

Nilikata chupa ya soda ya plastiki, nikaigeuza shingo chini, nikafunga kitambaa cha pazia juu. Nilielekeza mrija wa hewa shingoni, na watoto wakaanza kuzunguka vizuri sana, wakicheza ndani ya viputo. Nilikwenda kulala nikijipongeza. Asubuhi kumi na mmoja walikuwa wamelala chini, weupe. Viputo vilikuwa vimewapiga na kuwapasua vifuko vya kiini tumboni. Kosa lilikuwa rahisi na la kwangu tena: mdomo wa mama hausukumi hewa, unasukuma maji. Nilibomoa, nikatumia mrija mmoja kuinua maji kwa viputo na mwingine kuyashusha ndani ya chupa, hadi watoto walipokuwa wakibingirika taratibu kama mchele unaooshwa na mtu asiye na haraka.

Mtambo huo ulikula hewa mara mbili ya tangi, na mchana mimi nilikuwa Kawangware. Nilimwendea Mama Rispa na bomba mkononi. Alinisikiliza akigeuza samaki kwenye mafuta.

"Ati nipampu samaki."

"Mia tatu, Mama. Saa sita mchana. Na saa tisa kidogo."

"Na Ouma akiuliza?"

Niliangalia bomba. Alinitazama, akageuza samaki mwingine, akasema nimwekee bomba kando ya jiko. Kwa siku kumi na moja alifunga kazi saa sita, akapampu. Ploti ilimsikia kupitia mabati akihesabu kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, na akipotea anaanzia mwanzo huku akinilaani kwa jina. Wateja walioharakisha samaki wao aliwapa bomba. Watoto sita zaidi waliota ukungu, mmoja baada ya mwingine, nami niliwatoa kwa unyoya kabla hawajawaambukiza wenzao. Mama yao nilimlisha mno. Sijui nilitarajia nini. Nilimkatia minyoo, nikampa kiini cha yai, akala vyote. Siku ya kumi na mbili tisa walikuwa wakiogelea katika kijitangi kidogo nilichowajengea, na ile chupa niliitupa.

Ouma alirudi Alhamisi jioni. Hakuweka begi chini. Alipiga magoti mbele ya kijitangi, midomo ikitembea.

"Tisa," alisema. "Tisa tu? Fulu hubeba ishirini, hata thelathini." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na daftari mkononi. Nilikuwa nimefungua mdomo, nakumbuka hewa ilivyoingia. Lakini aligeukia tangi kubwa, akamwona jike amening'iniza tumbo la mviringo, na uso wake ukabadilika. "Ona! Ona hiyo tumbo! Amewala wengine!" Akaanza kucheka, akigonga kioo kwa kucha. "Mlafi wewe! Mlafi!"

Ilikuwa rahisi sana. Hakuhitaji hata niseme uongo. Alinyoosha mkono, nikampa daftari, na kwenye ukurasa wa siku ile alikuta nilichoandika asubuhi hiyo, kwa mwandiko mzuri: *Waliozaliwa: 9. Waliokufa:* na nafasi tupu.

Mlafi aliishi miaka minne zaidi akiitwa hivyo. Alibeba watoto mara nyingi, na kila mara Ouma alikuwa akimtenga ili awateme mapema, kwa kuogopa atawala, na kila mara alipoteza baadhi. Mama Rispa alikuwapo Ouma akisimulia, mara kwa mara, na hakunifichua hadi alipofunga biashara akarudi nyumbani. Ila alikuwa akinipakulia mchuzi na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kula, baba. Kuna wengine hula na kunyamaza." Ouma alidhani ni utani wa samaki.

Nimejiuliza kwa nini sikumwambia baadaye, tulipokuwa watu wazima, wakati jambo lenyewe lilikuwa dogo. Nadhani ni kwa sababu kwake lilikuwa limegeuka kisa, na kisa hicho kilimpa furaha, pia kwa sababu alikuwa akiwaambia watu, nikiwa pale, "Huyu hakosei, huyu huandika." Mama yake alipokuja hospitali ya macho Nairobi, alikaa mbele ya tangi asubuhi nzima, pua kwenye kioo, akaona alichoweza kuona. "Kumbe bado wapo," alisema. Siku hiyo nilikuwa karibu kusema. Badala yake nilichemsha chai.

Wiki mbili baada ya mazishi Akinyi alinipigia simu. "Anko Wekesa, pembe ya tangi imeanza kutoa jasho. Sitaki kuwauza. Unaweza kuliziba?" Nilikwenda na wembe, spiriti na silikoni. Chumba ni kilekile cha Kianda, pazia ni jingine. Samaki waliomo ni wajukuu wa wajukuu wa wale tisa. Tuliwahamisha kwenye makarai, na nilimwona akimchukua jike mmoja mwenye koo nene kwa bakuli, chini ya maji, polepole, bila kumwinua hewani.

"Huyu amebeba," alisema. "Lazima niwe mwangalifu. Ukoo wao wanakula watoto."

Nilikuwa nimekuja na daftari. Nilimwambia yote, nikikwangua silikoni kuukuu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi ulimi huwa mwepesi. Chumvi, chujio, karai mlangoni, kumi na mmoja wa asubuhi ile, sita wa ukungu. Nilipomaliza alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, akiutazama mkono wake.

"Mama Rispa alijua?"

"Alipampu."

Alicheka, kisha hakucheka. "Nimesimama mbele ya watu, Anko. Mbele ya jeneza."

"Najua. Nilikuwa safu ya pili."

Nilimaliza kupaka pembe ya mwisho na chumba kikajaa siki. Kisha Akinyi alichukua daftari mezani, akalifungua mwenyewe hadi mwezi wa saba, akasoma, akanipa kalamu. "Rekebisha," alisema. "Baba alikuwa akiamini hiki kitabu."

Nilikata ile tisa kwa mstari mmoja, ili isomeke bado, nikaandika ishirini na sita. Kwenye nafasi iliyokaa tupu miaka yote hiyo niliandika: kumi na saba. Hapakuwa na safu ya sababu. Niliichora kwa rula, na ndani yake nikaandika jina langu.